Kuku Wangu Walivyoacha Pumba

Mume wangu aliporudi nyumbani moja kwa moja, baada ya kuutumia utu uzima wake wote kwenye usukani wa lori, kitu cha kwanza alichoninyang'anya ni kuku wangu.

Sisemi aliwauza, wala hakuwachinja. Angewachinja ningejua moja, ningelia, ningenyamaza. Yeye aliwanyang'anya kwa namna ambayo huwezi kwenda kumshitaki mtu kwa mchungaji ukaeleweka: aliwapa vitu vitamu mpaka wakaacha kula chakula.

Kuku hao ni wa mayai, nawafuga nyuma ya nyumba yetu hapa Tunduma, upande wa juu ambako maji ya bomba huja yakijisikia. Nilianza na wachache wakati binti yetu wa mwisho anaingia sekondari, nikaongeza kidogo kidogo, mpaka nikawa na banda la maana lenye maranda chini, viota vya mbao, na uwanja mdogo wa kutembelea uliozungushiwa wavu. Wateja wangu ni wakaanga chipsi wa kule malori yanakopanga foleni kusubiri kuvuka mpaka. Dereva aliyekwama foleni anakula chipsi mayai asubuhi, mchana na jioni, kwa hiyo pa kupeleka mayai sijawahi kukosa.

Chakula chao nachanganya mwenyewe. Jumamosi natandika turubai uani, namwaga pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, chokaa ya mifugo, chumvi kidogo na ule unga wa vitamini wa duka la pembejeo, halafu nageuza kwa koleo mpaka mgongo unaniomba huruma. Pumba zinaingia puani, dagaa wananuka mpaka kwenye kanga, na siku ya pili yake naenda ibadani nikijihisi kama gunia. Lakini kila kitu mle ndani kina sababu yake. Ukipunguza chokaa, ganda la yai linakuwa kama karatasi. Ukipunguza dagaa, mayai yanapungua na kuku wanaanza kung'oana manyoya. Mambo hayo nilijifunza kwa kuharibikiwa.

Basi mume wangu akaja. Magoti yalikuwa yamemchoka na macho yalikuwa yameanza kumdanganya barabarani, tajiri wake akamwambia sasa mzee pumzika. Akaingia na begi lake, redio yake, na kiti cha kukunja alichokuwa anakalia kivulini mwa lori, Zambia yote mpaka Kongo. Kile kiti akakiweka uani, akakielekeza bandani. Asubuhi yake ya kwanza akakaa pale na chai na mkate, akawatazama kuku, nao wakamtazama. Akamega mkate akawarushia.

"Kumbe wanakula mkate hawa!" akaniambia, kama mtu aliyegundua jambo.

"Wanakula kila kitu," nikamjibu. "Usiwazoeshe."

Sikusema kwa ubaya. Kwa kweli mwanzoni nilifurahi. Nilikuwa na wasiwasi jinsi mtu aliyezoea kuona nchi ikipita dirishani atakavyokaa ndani ya ua wetu, nikaona kuku watamshikilia. Tena kipande cha mkate hakiui kuku. Mimi mwenyewe jioni, wakishakula pumba zao wakashiba, huwa nawatupia majani ya nje ya kabichi, au ganda la tikiti wakalidonoa kwa kuchezea. Kuku naye anapenda kuonja kitu kipya.

Shida ni kwamba mume wangu hajui kitu kinachoitwa kidogo. Mkate ukaleta karanga. Karanga zikaleta wali uliobaki, wali ukaleta maandazi, maandazi yakaleta bisi. Msimu wa maparachichi ulipofika, ndugu zake wa Igamba wakatuletea gunia zima, nikamkuta anawapasulia kuku kwa kisu, ganda na yote. Nikamwambia parachichi si chakula cha kuku, linaweza kumdhuru. Akasema mbona Igamba kuku wanazunguka chini ya miparachichi na hawafi. Nikalichukua gunia nikaliingiza ndani. Siku iliyofuata akatoka matembezi, akarudi na chipsi kwenye mfuko wa nailoni. Alizinunua kwa mteja wangu! Chipsi zenye chumvi, zenye mafuta, akawamwagia wale kuku, wakakimbizana uwanja mzima kila mmoja na kipande mdomoni.

Akawa na jinsi yake ya kuwaita. Miaka yake ya njiani ilikuwa imemwachia Kibemba cha kutosha, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nasikia, "Iseni, bana bandi, iseni!" Njooni, wanangu, njooni. Na wale kuku, ambao nimewalea tangu wakiwa vifaranga vya kulala chini ya taa, walikuwa wanaruka hewani kumkimbilia. Mimi nikiingia na ndoo ya pumba wananipisha njia tu, kama watu wanavyompisha mwenye mkokoteni.

Hapo ndipo hasira yangu ilipokuwa na mizizi, na sitaki kujifanya ilikuwa hasira ya mayai peke yake.

Wakati watoto wetu wakiwa wadogo, mume wangu alikuwa anapita nyumbani siku mbili tatu, kisha anakwea lori anakwenda zake. Lakini alikuwa hapiti mikono mitupu. Alikuja na biskuti za Zambia za pakiti ndefu, pipi, juisi za unga, mara moja alileta hata keki nzima kwenye boksi, imebonyea upande kwa sababu ya mashimo ya barabara. Watoto walikuwa wanausikia mlio wa honi yake tangu barabara kuu, wanatoka mbio bila viatu. Anawabeba, anawalisha biskuti saa ya chakula, kisha mimi naweka ugali na maharage mezani na hakuna mwenye njaa. Akishaondoka ndipo narudi kuwa mimi: maliza mboga yako, meza dawa, nawa miguu, zima taa. Mwanangu wa kwanza aliwahi kuniambia, akiwa na umri wa kuanza shule, kwamba akikua anataka kuishi kwenye lori na baba kwa sababu kwenye lori kuna biskuti. Nilicheka wakati ule. Nadhani nilicheka.

Sasa watoto wamekua, kila mmoja yuko kwake, na mtu yule yule amerudi uani kwangu na mfuko wa karanga, anarudia mchezo ule ule kwa kuku.

Haikuchukua muda pumba zikaanza kubaki. Jioni nakuta vilishio vimejaa karibu kama nilivyoviacha asubuhi, juu kumeparuliwa tu, wamechagua vipande vya dagaa. Kuku wamejipanga kwenye wavu, shingo nje, wanaangalia mlango wa jikoni. Akichelewa kutoka wanapiga kelele mpaka jirani anauliza kama kuna kicheche. Na yeye kwa huruma akaanza kuwafungulia mlango wa wavu, eti wanyooshe miguu. Wakainyoosha mpaka sebuleni.

Siku moja wamama wa kanisani walikuja kwangu kwa maombi. Tumefumba macho, mmoja wetu anaombea safari za watu na mvua ya Mbozi, nasikia kucha ndogo ndogo kwenye sakafu. Nikafumbua jicho moja. Kuku wanne hivi wameingia kwa mpangilio kama wageni waalikwa. Mmoja mwekundu, mpana kama sufuria, akaruka juu ya meza, akatumbukiza kichwa ndani ya mkoba wa mama mwenye kuomba. Yule mama alikuwa na karanga za kukaanga ndani ya mkoba. Amina haikufika. Watu walicheka, mkoba ulimwagika, kuku akajisaidia juu ya kitambaa cha meza nilichokishona kwa mkono. Mume wangu akatokea mlangoni, badala ya kuona haya akasema, "Huyo ana akili sana, ananusa karanga hata kwenye zipu."

Wamama wakamcheka kwa upendo. Mmoja akaniambia wakati wa kuaga, "Una bahati, dada. Mume wangu mimi hata mbwa hamjui."

Niliufunga mlango nikaegemea nyuma yake kwanza, nipumue.

Baada ya hapo mayai yakaanza kupungua. Nilipokuwa naokota mpaka kikapu kinalemea mkono, nikawa naokota ya kufunika chini ya kikapu tu. Mengine laini, ukiyashika yanabonyea kama puto. Mengine nayakuta yameliwa kiotani, kuku wenyewe wamekula, maana kuku akishaonja yai lililopasuka hasahau. Nikaongeza chokaa kwenye mchanganyiko, lakini chokaa itamsaidiaje kuku asiyekula mchanganyiko?

Mkaanga chipsi, mteja wangu wa siku nyingi, akanirudishia trei.

"Mama, shikamoo. Haya mayai yamenishinda," akasema. "Nikiyagonga yanapasukia mkononi kabla ya kufika kwenye kikaango. Na kiini kimepauka, wateja wanadhani nimeongeza maji. Umewabadilishia chakula?"

"Sijawabadilishia mimi," nikasema.

"Nani sasa?"

Nikamwangalia. Ni yeye aliyekuwa anauza zile chipsi. "Mzee wangu akija kununua chipsi," nikamwambia, "muulize anampelekea nani."

Nilimpigia simu binti yetu wa mwisho, muuguzi, yuko Mbeya. Nilitaka mtu mmoja tu duniani aseme mama una haki. Nikamweleza yote, mkate, bisi, mkoba, trei. Akacheka kwanza, jambo ambalo si dalili nzuri.

"Mama, mwache baba bwana," akasema. "Amezoea barabara, atakuwa mpweke. Hao kuku wanampa raha."

"Na mimi nani ananipa raha? Pumba?"

"Mama nawe! Karanga mbili tatu zina ubaya gani?"

Wewe mtoto ndiye uliyekuwa hufungui mdomo wako kwa mchicha mpaka nikufinye, nilitaka kumwambia. Nikamwambia salimia mkwe, nikakata.

Nikaamua kuzificha karanga. Nikazifungia kabatini, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Mume wangu hakuuliza kitu. Alikwenda dukani akanunua zake, akawa anatembea nazo kwenye mfuko wa koti, lile koti la baridi la Juni alilolivaa hata kwenye jua la Oktoba. Akikaa kitini, mkono unaingia mfukoni kama mtu anayejikuna, unatoka, kitu kinaruka kwenye wavu. Ananiona, anaangalia mbinguni. Mtu mzima, mwenye wajukuu.

"Baba," nikamwambia, "hao kuku hawali pumba kwa sababu yako. Hawatagi kwa sababu yako. Huo mwili wao unajengwa na mchanganyiko, siyo na karanga. Karanga ni ya kuonja tu, wakishashiba."

"Unawanyima sana wewe," akasema. "Kila siku unga ule ule. Wewe ungekula unga ule ule kila siku?"

Niliingia ndani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha oshwa.

Yule kuku mwekundu, mwenye akili ya zipu, ndiye aliyekuwa kipenzi chake. Alikuwa anapanda mpaka gotini kwake na kukaa, mzito, mapaja yamejaa, na mume wangu anamshika mgongoni kama anashika paka. Hakuwa ametaga siku nyingi, nami nilikuwa nimemwambia waziwazi kwamba huyo sasa ni kitoweo kinachosubiri sikukuu. Asubuhi moja ya joto nilikuwa naanika nguo. Nikasikia mume wangu ananiita jina langu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mama yake alipofariki. Nikaenda. Kuku alikuwa ameanguka miguuni pake, mbawa zinapiga chini mara chache, kilemba kimepauka kuwa cheupe. Kabla sijainama alikuwa amekwisha kufa.

"Amewekewa sumu," mume wangu akasema. "Alikuwa mzima sasa hivi. Amekula hapa hapa mkononi kwangu. Jirani amechoka na kelele, amewawekea sumu."

"Jirani gani tena?"

"Au ni kideri. Watakufa wote. Mpigie bwana mifugo."

Kideri chanjo yake nilikuwa nimewapa kwa mikono yangu, na hakuna kuku mwingine aliyekuwa amejikunyata. Lakini nikapiga simu, maana alikuwa amekwenda mwenyewe kuniletea simu kutoka ndani. Bwana mifugo wa kata akaja kabla ya saa ya chakula cha mchana, kijana mpole mwenye buti za mvua. Akawatazama wengine kwanza, akashika vilemba, akachungulia kinyesi, akatazama vilishio vilivyojaa. Kisha akaomba kisu, karatasi ya nailoni, akampasua yule kuku pale pale uani.

Hata mimi niliyechinja kuku wengi sikuwahi kuona kitu kile. Tumbo lote lilikuwa mafuta ya njano, yamefunga matumbo, yamefunga firigisi, mpaka mayai machanga yalikuwa yamezama ndani yake. Ini lilikuwa limekuwa kubwa, limepauka, laini kama uji mzito, na limepasuka upande mmoja. Damu iliyoganda ilikuwa imelizunguka.

"Mzee," bwana mifugo akasema, "huyu hakuwekewa sumu na hana ugonjwa wa kuambukiza. Huyu alinenepa. Ini likijaa mafuta linakuwa jepesi kupasuka. Joto kidogo, kuruka kidogo, linapasuka, anavuja damu ndani kwa ndani. Mnawalisha nini?"

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa miezi, nilikuwa na hotuba, lakini nikanyamaza ili niisikie inatoka mdomoni kwake.

"Karanga," mume wangu akasema. Kisha akaongeza, "Na mkate. Na bisi. Chipsi mara moja moja."

"Na pumba?"

"Pumba anawapa mama."

"Wanazila?"

Akavitazama vile vilishio vilivyojaa. Bwana mifugo akamweleza taratibu, bila kumgombeza, jambo ambalo mimi nilikuwa nimelieleza kwa kumgombeza: kuku wa mayai anakula kiasi chake tu kwa siku, tumbo lake ni dogo. Likijazwa karanga hakuna nafasi ya chokaa wala dagaa, na yai halitengenezwi kwa hamu. Vitu vya kuonja si dhambi. Wape majani, mboga, wadudu, punje chache za mahindi, kiganja kwa kundi, jioni wakishakula chakula chao. Visiwe na chumvi, visiwe na mafuta, na parachichi waache.

"Kwa hiyo nimemuua mimi," mume wangu akasema. "Kwa karanga."

"Usiseme hivyo, mzee. Watu wengi wanafanya."

Bwana mifugo alipoondoka, mume wangu akachimba shimo karibu na mgomba, akamfukia. Kisha akarudi kitini. Kuku wote wakaja kwenye wavu wakamlilia. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukakaa humo humo.

Mtu atadhani nilijisikia mshindi. Nilijisikia kuudhika zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia nilikwambia, na sasa nisingeweza kumwambia mtu aliyekaa hivyo. Hata ushindi wangu ameuharibu, ndivyo nilivyowaza, Mungu anisamehe.

Nilimletea chai. Akaipokea.

"Mimi nilikuwa sina kingine," akasema, bila kuniangalia. Nilidhani anazungumzia kuku. "Nilikuwa nafika hapa, kesho kutwa naondoka. Watoto wananiangalia kama mgeni. Ningeanza kuwaambia kula mboga? Ningeanza kuwachapa? Biskuti ilikuwa inawaleta."

"Ilikuwa inawaleta," nikasema. "Na mimi nabaki na meno yao yaliyooza."

"Najua."

"Hujui. Ulikuwa hupo."

Foleni ya malori kule chini ilikuwa inapumua breki zake. Nilitaka aseme samahani, na nilijua akisema nitamkasirikia pia, kwa sababu zile safari ndizo zilizojenga nyumba tuliyokaa. Hilo ndilo linalochosha kwa mume wangu: ukimtafutia kosa lililonyooka hulipati.

"Jumamosi," nikasema mwishoni, "turubai ni lako. Mgongo wangu umechoka."

Jumamosi akatandika turubai. Akapanga magunia kwa mstari kama anapakia lori, akauliza kila kitu kinakaa wapi na kwa nini. Mara ya kwanza alimwaga chokaa nyingi mpaka uani pakawa peupe, tukalazimika kuongeza pumba za wiki mbili kuusawazisha ule mchanganyiko. Alipiga chafya mpaka jioni. Kuku walipopewa wakamgomea. Walisimama kwenye wavu wakipiga kelele, wanamwita yeye kwa jinsi alivyowazoesha kuitwa, na yeye ameketi, ameshika magoti yake, uso umekunjamana kama mtu anayeng'olewa jino.

"Watakufa njaa," akaniambia siku ya pili yake.

"Hawafi. Walikuwa wana akiba ya kutosha, si uliiona?"

Akageuza uso. Nilijutia hilo kidogo, kidogo tu.

Njaa ikawarudisha kwenye vilishio. Mayai yalichukua wiki kadhaa kurudi, kwanza machache, yenye ganda gumu, kisha kikapu kikaanza tena kulemea. Wale walioonja kula mayai yao ilibidi wengine tuwachinje, hawakupona tabia. Mkaanga chipsi akarudi kuchukua trei, akagonga yai moja kwa ukucha, akaridhika.

Ningependa kusema hapo mambo yakatulia, lakini mume wangu hajui kidogo, nilikwisha sema. Akawa mtu wa pumba. Akanunua mizani. Akawa anaamka kabla yangu kupima chakula, anazunguka vilishio kuona kimebaki kiasi gani, anawahubiria majirani wanaofuga kuhusu mashudu na chokaa mpaka wakawa wanapitia njia nyingine. Bwana mifugo akipita barabarani kwenda Ruanda, ile ya Mbozi, au kwingine anasimamishwa, anaulizwa maswali.

Binti yetu alikuja kututembelea. Alipofika uani alitoa mkate kwenye mkoba, akiwa amejiandaa kumfurahisha baba yake, akamega.

"Weka chini hicho!" baba yake akasema.

"Baba, ni kipande tu."

"Kipande tu ndicho kinachoua. Mwanangu, kuku ana tumbo dogo. Ukilijaza mkate, chokaa itakaa wapi? Huo mwili wake unajengwa na mchanganyiko. Kitu cha kuonja ni jioni, akishashiba, tena majani."

Tumbo dogo alilitoa kwa bwana mifugo, lakini mengine yalikuwa maneno yangu. Neno kwa neno, mpaka pumziko la sauti lilikuwa langu. Binti yangu akanigeukia, macho yamemtoka kwa mapenzi. "Mama, umemsikia baba? Amekuwa mtaalamu kabisa!"

Nilikuwa nimeshika mwiko. Niliuangalia ule mwiko, nikaurudisha jikoni.

Wiki iliyofuata nilimtupia kuku mmoja kipande cha ganda la tikiti, saa kumi jioni, kilishio kikiwa tupu, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Mume wangu akatoka chooni akifunga mkanda.

"Umepima hicho?"

"Kupima ganda la tikiti?"

"Nauliza tu. Kwa sababu mchicha wa leo nilishawapa."

Nilikwenda ndani nikafunga mzigo wangu. Mdogo wangu wa Ileje alikuwa ameniomba siku nyingi nikamsaidie kuvuna maharage, nikamwambia nakuja kesho. Mume wangu alinisindikiza mpaka stendi, amenibebea begi, akanihakikishia nisiwe na wasiwasi na kuku.

Ileje kulikuwa na ukungu asubuhi na jua zuri mchana. Tulikuwa tumekaa uani kwa mdogo wangu, ungo mapajani, tunachagua maharage, hatuongei, tunasikilizana tu tunavyopumua. Simu ikalia. Alikuwa mume wangu.

"Mama, leo wamemaliza pumba zote kufikia saa nane," akasema. "Yule mweusi nadhani amekula kidogo kuliko wenzake, kinyesi chake kiko hivi, sijui nikuelezeje. Nikupigie picha?"

"Usipige picha," nikasema.

"Basi ngoja nikueleze."

Akaanza kueleza. Niliiweka simu chini kwenye mkeka, kifudifudi, sauti yake ikiendelea kutoka kama nyuki ndani ya debe, nikavuta ungo wangu. Mdogo wangu akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni shemeji yako, anazungumza na kuku.